Juni Nauza, Oktoba Nanunua

Hapa Kongwa, mkoani Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili, na kuanzia hapo ng'ombe anaishi kwa akiba ya mwili wake mpaka mawingu yarudi. Waingereza walikuja 1947 na matrekta yao kulima karanga, 1951 wakafunga virago, na baadaye nchi hii ikawa ya ranchi. Mvua iliyowashinda kwenye karanga, ng'ombe anaiweza, ila kwa masharti yake.

Sharti kubwa ni tarehe. Nenda mnadani Mei au Juni, ng'ombe wakiwa wamenona na manyoya yanang'aa, utakuta wauzaji wachache na wanunuzi wanazungukazunguka. Nenda Oktoba au Novemba, vumbi limetanda, kila kaya imeleta. Unga umepungua ndani, gharama za shule za Januari zinanukia, majani yamekwisha. Kwa hiyo watu huuza mifupa wakati ambapo kila mtu anauza mifupa. Mimi naishi kwa ng'ombe, sina mshahara pembeni, na hakuna dawa wala mbegu iliyonilipa kama kuigeuza kalenda hiyo.

Mwanzoni majirani walidhani nina tatizo. Mzee mmoja wa Kigogo, ambaye boma lake linapakana na langu, alinikuta asubuhi ya Juni nikipakia maksai kwenye lori.

"Mwanangu, kuna msiba?"

"Hapana, babu."

"Kuna mgonjwa?"

"Wote wazima."

"Sasa mbona unauza wazuri? Ng'ombe mzuri anakaa bomani. Mbaya ndiye anayekwenda mnadani."

"Mbaya nani atampa bei, babu?"

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka nilisoma shule gani, akaenda zake. Simlaumu. Kwake ng'ombe ni benki, ni mahari ya wajukuu, ni sauti yake kwenye kikao. Mambo hayo ni ya kweli na mimi pia ninayo. Ndiyo maana nimegawa makundi mawili: kundi la uzazi, ambalo ni la nyumbani na haliguswi ovyo, na kundi la biashara, ambalo kila aliyemo ana tarehe yake ya kutoka. Ukiyachanganya, kila ng'ombe anageuka kuwa wa nyumbani, na siku ya shida unamuuza uliyempenda kwa bei ya aliyekonda.

Hesabu yenyewe haihitaji kalamu nyingi. Maksai aliyekuwa na kilo 280 Juni, si ajabu kumkuta na kilo 230 Oktoba. Chukua bei ya mfano ya shilingi 5,000 kwa kilo hai: kilo 50 zilizopotea ni 250,000. Na hapo sijasema kwamba aliyekonda hata kilo yake moja hununuliwa kwa bei ya chini, kwa sababu mwenye bucha anajua mifupa haijapungua, kilichopungua ni nyama. Umemchunga miezi minne, umemlipa mchungaji, umemwogesha, umemnywesha, halafu umelipa robo milioni kwa heshima ya kumwona akilala bomani.

Hizo kilo utazijuaje bila mzani? Minada mingine ina mizani, mingine ipo lakini haitumiki, na dalali mwenyewe huupenda mzani uliokufa, maana ukikadiria kwa macho yeye ndiye mwenye macho mazoefu. Mimi natumia utepe. Nilianza na wa fundi cherehani, na tabu yake ni kwamba unaishia sentimeta 150 wakati kifua cha maksai mzuri kinazidi hapo, ikabidi nishone wa pili mbele yake. Ng'ombe asimame sawasawa, miguu minne imelingana, kichwa kikiwa mbele. Zungusha utepe nyuma ya nundu, upite nyuma tu ya miguu ya mbele, ubane kidogo. Kisha pima urefu, kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa kalio ulio pembeni mwa mkia. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua 150 na urefu 120 vinakupa kilo 249. Utepe hukosea, hasa kwa mwenye mimba au aliyetoka kunywa maji, lakini ukimpima asubuhi kabla hajanywa, kosa lake ni dogo kuliko la jicho la mtu anayetaka kununua.

Maksai wa namna hiyo hiyo nilimpeleka mnadani msimu mmoja. Mchuuzi akamzunguka, akamshika nundu, akamfinya shina la mkia, akasema laki tisa kwa sauti ya mtu anayetoa msaada. Nikamuuliza bucha ananunua mzoga, yaani ng'ombe aliyekwisha chinjwa na kusafishwa, kwa kiasi gani. Akasema, kaka, hayo ni mambo ya mjini. Nikamwambia zebu wetu, huyu ng'ombe wa asili mwenye nundu, akiwa na hali nzuri hutoa mzoga wa karibu nusu ya uzito wake wa hai, kwa hiyo hapa kuna kama kilo 120, na bei ya mzoga wiki hii tunaijua wote. Ukiweka 10,000 kwa kilo ni milioni moja na laki mbili, bado kichwa, utumbo, miguu na ngozi. Akacheka, akaangalia pembeni kuona nani anatusikia. Tuliafikiana kwenye milioni moja na elfu themanini. Sikupata yote niliyoyataka, na yeye lazima apate nauli yake na faida yake, lakini tofauti na laki tisa ilitokana na utepe wa mia chache.

Pesa ya Juni haikai mfukoni. Nyingine inanunua chakula kikiwa bado rahisi. Kibaigwa iko jirani, na pale mahindi yakishuka sokoni baada ya mavuno, mashine za kukoboa hazilali na pumba zinajaa. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, kwa hiyo mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yanapatikana viwanda vikianza kazi. Kuanzia Septemba kila mtu anakumbuka kwamba ana ng'ombe, na bei ya gunia inabadilika. Nanunua mapema, naweka juu ya mbao, mbali na ukuta, maana mashudu yaliyoota ukungu ni sumu na hayarudishwi dukani.

Majani nayakata mwenyewe, na hapa naomba mnisikilize kidogo. Wengi tunasubiri majani yakauke yakiwa yamesimama, Juni au Julai, kwa sababu wakati huo ni rahisi kukata na hayaozi. Lakini majani yaliyokaukia shambani yamekwisha pelekea mbegu nguvu yake yote. Unachokusanya ni makuti. Hei nzuri hukatwa majani yanapoanza kutoa maua, yakiwa bado ya kijani, ukayaanika siku mbili tatu na kuyageuza, kisha ukayafunga na kuyaweka kivulini. Huku kwetu huo ni mwezi wa Aprili mwishoni, mvua inapojiaga, na ndiyo wiki ngumu kuliko zote za mwaka kwangu, kwa sababu mvua moja ya kuchelewa inakuharibia. Kongwa kuna kituo cha utafiti wa malisho. Ukipita pale ukaona hei yao na ukainusa, hutabisha tena. Baada ya mavuno napatana na wakulima kuhusu mabua. Kwa maandishi mafupi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na malipo kabla ng'ombe hawajaingia. Ugomvi wa wakulima na wafugaji mara nyingi huanzia kwenye mabua yaliyokubaliwa kwa mdomo.

Pesa iliyobaki inasubiri Oktoba. Hapo ndipo nanunua wale waliokonda. Si kila aliyekonda. Natafuta dume au maksai mwenye mifupa mirefu, kifua kipana na macho maangavu, aliyekondeshwa na njaa na si na ugonjwa. Namfungua mdomo: mwenye meno mawili au manne ya kudumu bado anakua, na atalipa chakula; aliyejaza mdomo na meno yameanza kulika, hata akinona nyama yake itatafunwa na wenye subira. Nasikiliza kikohozi, maana homa ya mapafu huingia bomani na ng'ombe mmoja wa bei rahisi. Naangalia kwato na ulimi. Kisha anakaa peke yake zizi la pembeni kabla ya kukutana na wenzake, hata awe amenunuliwa kwa nani.

Ng'ombe aliyenyimwa chakula kwa muda, ukimlisha vizuri, hukua kwa kasi kuliko yule ambaye hakuwahi kukonda. Mwili unafidia. Lakini haraka ya mwenye ng'ombe ndiyo inayoua: umwage pumba na mashudu siku ya kwanza, tumbo lililozoea majani makavu linachacha, anavimba, analala, na unaita bucha kwa bei ya hasara. Nampa dawa ya minyoo, hei ya kutosha, na pumba kidogo kidogo nikiongeza kwa muda wa wiki mbili. Maji ya kutosha na chumvi kila wakati. Urea, ile mbolea ambayo wengine huchanganya kwenye chakula cha ng'ombe, siigusi mwenyewe bila mtaalamu kupima, kwa sababu ikizidi kidogo tu haikupi nafasi ya kujifunza.

Je, inalipa? Tufanye hesabu ya mfano, wala nisiipambe. Maksai wa kilo 220, akiongeza gramu 700 kwa siku kwa siku 90, anafikia 283. Kilo 63 kwa 5,000 ni 315,000. Chakula: kilo nne za mchanganyiko wa pumba na mashudu kwa 500, ni 2,000 kwa siku, kwa siku 90 ni 180,000. Hei kilo tatu na nusu kwa 150, jumla kama 47,000. Umebakiwa na 88,000 hivi, na humo hamna mchungaji, dawa, ushuru wala lori. Mtu akikwambia utatajirika kwa kunenepesha, muulize alinunua kwa kiasi gani. Kinachoifanya biashara hii isimame ni kwamba yule wa kilo 220 nilimnunua Oktoba kwa, tuseme, 4,000 kwa kilo, na Januari au Februari, wafugaji wenzangu wakiwa hawauzi kwa sababu majani yameota, mnunuzi analipa 5,000. Hiyo tofauti ya elfu moja kwenye kilo 220 ni 220,000. Chakula kimeniwezesha kufika kwenye tarehe nzuri nikiwa na ng'ombe mzuri. Faida yenyewe imekaa kwenye siku ya kununua.

Kuhusu wapi pa kuuzia, nimewahi kupeleka hadi Pugu, Dar es Salaam, na nimeacha kupeleka peke yangu. Pugu ni mnada wa mwisho, ng'ombe akiingia pale safari yake iliyobaki ni ya machinjioni. Bei yake ukiisikia kwenye simu inavutia. Ila ondoa lori, kibali cha kusafirisha, ushuru, watu wawili wa kuwasimamia njiani, dalali, na kilo zinazopotea kwa usiku mzima wa kusimama bila maji. Halafu fika siku ambayo malori ya Kanda ya Ziwa yameingia kwa wingi. Mnunuzi anajua huwezi kumrudisha ng'ombe Kongwa. Anajua kila siku anayolala pale anakula majani ya kununua. Anakunywa chai yake taratibu.

Siku hizi tunauza kwa kikundi, wafugaji wachache tunaoaminiana, bomani kwetu. Tunakusanya wa rika moja na ukubwa mmoja, wanatosha lori, kisha tunawapigia wanunuzi watatu tofauti. Mwenye bucha kubwa au mchinjaji wa Dodoma anapenda kuliko tulivyodhani, kwa sababu kinachomsumbua mjini ni kupata ishirini wanaofanana. Mnadani angewaokota mmoja mmoja kutwa nzima. Ubishi unaobaki ni saa ya kupima. Yeye anataka alfajiri, matumbo matupu. Sisi tungependa jioni, wametoka kunywa. Tumekubaliana: wakipimwa alfajiri hakuna makato, wakipimwa jioni anakata asilimia tano. Na hakuna ng'ombe anayepanda lori kabla ujumbe wa malipo haujaingia kwenye simu. Hilo la mwisho halina mjadala, hata kwa shemeji.

Soko jingine linalosahaulika ni Idi ya kuchinja. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2023 ilikuwa mwisho wa Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni, na sasa inaelekea Mei. Maana yake, kwa miaka hii inatukuta huku Dodoma ng'ombe wakiwa wamenona bila hata kununua pumba. Wanunuzi wake ni tofauti. Ng'ombe mmoja wanaweza kushirikiana watu saba, kwa hiyo wanakuja kwa kikundi na fedha taslimu. Wanataka aliyetimiza miaka miwili, asiyechechemea, asiye chongo, asiyekonda, na wengi wao hukataa aliyekatwa kipande cha sikio. Hilo la sikio limenifanya niache kabisa alama ya zamani ya kuchonga masikio. Hereni inatosha.

Afya sitaisema sana kwa kuwa kila mfugaji ana daktari wake na hadithi zake, isipokuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao unamaliza ndama kimyakimya kuliko simba na wezi wakijumlishwa. Kupe wake hupenda kukaa ndani ya sikio. Mtu anampulizia ng'ombe mgongoni kwa bomba, dawa inatiririka vizuri, anaridhika. Sikio kavu, chini ya mkia kukavu. Ng'ombe mzima anahitaji kama lita kumi za dawa iliyochanganywa ili alowane kweli, na wengi tunagawa lita hizo kwa wanne. Chanjo ya ndigana ipo, hutunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, na hutolewa pamoja na sindano ya antibayotiki siku hiyo hiyo. Ndama akiipata mara moja kinga yake ni ya muda mrefu sana. Kwa kuwa chanjo ikishayeyushwa dozi haziwezi kusubiri, mchanjaji anapokuja tunajikusanya kijiji kizima ili asirudi na dawa ya kumwaga. Josho letu la jirani liliwahi kukaa msimu mzima maji yakiongezwa bila dawa. Ng'ombe walikuwa wakioga vizuri sana, na kupe nao.

Kwenye kundi la uzazi ninachoangalia ni daftari. Kila jike ana ukurasa wake: alizaa lini, ndama alikuwaje, alishika mimba tena lini. Dume, ambaye ana damu ya Borani, aina ya ng'ombe wakubwa wa nyama, anaingia Februari na kutolewa Aprili, basi. Mimba ni miezi tisa na ushee, ndama wanaanguka Novemba mwishoni mpaka Januari, mama zao wanapata majani mabichi wakiwa wananyonyesha, na ndama wanafikia kiangazi wakiwa na nguvu. Jike akikaa misimu miwili bila kushika, ukurasa wake unafungwa na Juni anapanda lori, hata kama ni mzuri wa kuangalia. Dume nalo halikai likawakuta binti zake.

Haya yote yanategemea mtu mmoja ambaye hayupo kwenye vikao vyetu vya wafugaji: mchungaji. Kimila huku wengi humlipa mtamba, jike ambaye hajazaa, kwa mwaka, au mshahara mdogo na chakula. Mimi namlipa mshahara, na juu yake kuna fedha kwa kila ndama anayefikia kuachishwa akiwa hai. Tangu tuanze hivyo, ndama hawalazwi tena zizi moja na wakubwa, na naambiwa usiku ule ule jike anapokuwa na dalili, si kesho yake. Mwaka huu aliniomba badala ya fedha apewe mtamba, kwa kuwa ana mpango wa kuoa. Nikakubali, nikamwambia achague. Akaniomba kwanza daftari. Akakaa nalo chini ya mti, akasoma kurasa taratibu, kisha akataja mtoto wa jike ambaye hajaruka msimu hata mmoja, yule niliyekuwa nimemweka kichwani kwa ajili yangu mwenyewe.